Nauguza

Minjila ni mahali pa kuachana njia. Barabara inayotoka Malindi ikifika hapo hugawanyika: moja inakwenda Garsen, Hola na Garissa, ya pili inapinda kwenda Gamba, Witu na Mokowe, ambako ndiko kwa kuvukia Lamu. Ukiwa na gari la kusubiri, una asubuhi nzima ya kusikiliza. Utasikia Kipokomo, Kiorma, Kisomali na Kigiriama, na Kiswahili kikipita katikati ya zote, kikibeba bei ya maembe, habari za mto na salamu za watu wa mbali.

Nilikuwa nimekaa hapo kwenye benchi la duka, mpwa wangu ubavuni. Msichana huyu yuko mwaka wa tatu wa shahada ya uuguzi. Kazaliwa na kulelewa Nakuru, na ile ilikuwa likizo yake ya kwanza ndefu kwa watu wa mamake. Akaja mama mmoja, leso begani, themosi kwapani, mkononi kikapu chenye kikombe, kijiko na shuka iliyokunjwa. Muuza maembe akamwuliza, "Mamangu, wapi mapema hivi?"

"Ngao," akasema. "Nauguza."

Hakuna aliyemwuliza zaidi. Kijana aliyekaa karibu yetu akanyanyuka kumpisha. Makanga akakipokea kikapu na kukiweka kiti cha mbele, akaomba wote tusubiri mama apande kwanza. Mpwa wangu akaniinamia sikioni: "Mjomba, huyu mama ni nesi?"

"La," nikamwambia. "Ana mgonjwa."

Akanyamaza kidogo, kisha akatoa daftari mfukoni akaliandika neno lile. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitazama kama mtu aliyeokota sarafu ya zamani njiani, maana ni neno la ajabu, na sisi tunaolitumia kila siku hatulioni ajabu yake.

Kitenzi ni ugua. Mtu akiugua hana afya, na pia anaugulia, yaani anatoa ile sauti ya chini ya mwenye maumivu. Sasa tazama ndugu zake wa umbo. Kitu kikiungua, aliyekiunguza ndiye aliyekitia motoni. Bei ikipungua, aliyeipunguza ndiye chanzo. Kwa mwendo huo, anayemwuguza mtu angepaswa kuwa ndiye aliyemtia ugonjwa! Lakini lugha imekataa. Kwa yule anayesababisha ugonjwa ikaweka neno jingine, gonjweza. Uguza ikampa yule anayekaa karibu.

Kuna kitenzi kinachonisaidia kuelewa, na ni kitenzi cha watu wa mto. Mto Tana ukifura na kumwagika mbugani, kama ulivyofanya mwaka 2018 na tena mwisho wa 2023 kuingia 2024, watu hawavuki wenyewe, huvushwa. Na anayekuvusha hasimami ukingoni akakusukuma. Anaingia nawe mtumbwini, anashika upondo, na maji yakimwagika ndani yanakulowesha wewe na yeye. Kuvusha ni kuvuka pamoja na mtu huku wewe ukiwa mwenye nguvu. Nami nadhani kuuguza ni hivyo hivyo: ni kuugua pamoja na mtu huku wewe ukiwa mzima. Ndiyo maana mama wa themosi hakusema "nina mgonjwa" wala "naenda hospitali". Alisema habari yake mwenyewe, na watu wakampisha kama wanavyompisha mgonjwa.

Basi taaluma nzima, yenye baraza lake na sheria yake, Sura ya 257 ya Sheria za Kenya, imechukua jina lake kwenye kitenzi cha shangazi na nyanya. Kwa Kiswahili, muuguzi wa kwanza ni aliyepika uji.

Mpwa wangu ana kitabu kingine, kikubwa kuliko lile daftari, ambacho hakiachi. Ndani yake kuna orodha ya kazi: kupima joto na mapigo ya moyo, kumpa mgonjwa dawa ya mdomo, kutia sindano ya msuli, kutundika maji, kusafisha kidonda, kuingiza mpira wa mkojo, kupokea mtoto. Mbele ya kila kazi kuna nafasi za kuonyesha kwamba aliona ikifanywa, kisha akasaidia, kisha akaifanya kwa mikono yake. Na mwisho wa mstari pana nafasi ya sahihi ya muuguzi aliyekuwapo. Bila zile sahihi hakuna shahada, hata angepata alama zote za darasani.

Sahihi! Neno hili lina maana mbili na hatujapata kulipasua. Sahihi ni jina langu nililoandika kwa mkono wangu, na sahihi ni jambo lisilo na kosa. Mwanafunzi wa uuguzi anaishi katikati ya maana hizo mbili. Anafundishwa, kabla ya kumpa mtu kidonge kimoja, ahakikishe ni mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi na saa sahihi, kisha aandike na kutia sahihi. Kwa Kiswahili, anayeweka jina lake chini ya kazi ameahidi pia kwamba kazi ile haina kosa.

Na shahada yenyewe? Mtoto wa Garsen aliyepitia chuo cha Kurani analijua neno hili kabla hajajua kusoma: ni kushuhudia kwamba hapana Mola ila Mungu. Linatoka shina moja na shahidi, ushahidi, ushuhuda. Tulipolihamishia chuo kikuu tulihama nalo zima zima, ingawa wengi wetu tunafikiri ni karatasi ya kutundika ukutani. Tanzania wamelizalishia na wadogo zake, stashahada na astashahada. Sisi Kenya kwa kawaida tunasema diploma na cheti, tukabaki na shahada peke yake kileleni. Ukiisoma kwa maana yake ya asili, shahada ya uuguzi ni ushuhuda: kuna watu walioona mikono hii ikifanya kazi hii, na wamesema hivyo kwa sahihi zao. Msajili wa chuo anakuja mwisho kabisa. Mashahidi wa kweli ni dada wa wodi ya kina mama aliyesimama nyuma yake saa tisa usiku, na kaka wa chumba cha vidonda aliyemwambia, "Rudia, hapo umegusa."

Florence Nightingale alipofungua shule yake katika hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1860, wanafunzi wake walijifunza wakiishi humo humo hospitalini. Wodi ilikuwa darasa. Chuo kikuu kimeingia baadaye katika kazi hii, na kimeleta mema mengi, lakini kwa mtu wa kitandani swali limebaki lile lile: huyu mtoto ana mkono?

Hapa kuna jambo linaloniuma. Ili usome shahada ya uuguzi Kenya unatakiwa uwe na C+ ya Biolojia, ya Kemia, ya Hisabati au Fizikia, na ya Kiingereza au Kiswahili. Au Kiswahili! Maana yake lugha hii inatosha kumfikisha mtu mlangoni. Akishaingia, inaombwa isubiri nje. Miaka minne ya masomo ni Kiingereza, mitihani ni Kiingereza, faili la mgonjwa ni Kiingereza. Kisha anapelekwa wodini, Hola au Ngao au Malindi, ambako sijasikia mtu akiugulia kwa Kiingereza. Katiba ya 2010 inataja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kwenye mafunzo ya vitendo ya muuguzi kimekuwa lugha ya kuombea radhi baada ya kosa.

Kosa lenyewe nitalieleza, kwa ruhusa ya mwenye nalo, na hospitali nitaiacha bila jina.

Kumwogesha mgonjwa asiyeweza kuondoka kitandani ni miongoni mwa kazi za kwanza za mwanafunzi. Mpwa wangu alijifunza kwa mwanasesere, ile sanamu ya ukubwa wa mtu inayolazwa kwenye chumba cha mazoezi. Alijua kila hatua. Maji ya vuguvugu, mabeseni mawili, moja la sabuni na moja la kusuuzia. Unaanza na uso, bila sabuni. Jicho unalipangusa kutoka upande wa pua kwenda nje, na jicho la pili kwa upande mwingine wa kitambaa. Unafunua sehemu moja tu kwa wakati mmoja, iliyobaki unaifunika. Kisha siku ya siku akapewa bibi wa makamo ya sabini na kitu, mwembamba, mwenye macho makali, aliyevunjika nyonga. Akamwendea na beseni lake, akasema kwa adabu zote alizofundishwa Nakuru, "Shikamoo bibi. Nimekuja kukuosha."

Bibi akageukia ukutani. Hakusema neno. Alipoguswa bega, akavuta leso yake akajifunika mpaka kichwani.

Muuguzi mkubwa wa zamu ile ndiye aliyekuja kumwokoa. Aliinama karibu na leso akasema, "Mama, mtoto amekuja kukuogesha." Leso ikashuka kidogo. "Aseme hivyo," bibi akasema. "Mimi bado sijaoshwa."

Pwani hii, anayeoshwa ni maiti. Kuna kuosha vyombo, kuosha gari, kuosha mboga, lakini ukisema mtu ameoshwa, wanaokusikiliza watauliza maziko ni saa ngapi. Mwosha huoshwa, walisema wazee, na hawakuwa wakizungumzia sabuni. Mtu aliye hai huoga, asiyejiweza huogeshwa. Uso na mikono hunawa. Nguo hufuliwa. Kwa sala tunatawadha. Kiswahili kimeligawa tendo la kugusana na maji vipande vingi kwa sababu kila kipande kina heshima yake, na mwanafunzi aliyepewa neno moja la Kiingereza kwa vyote hivyo akalitafsiri kichwani kwa haraka, ameingia wodini na sanda mkononi bila kujua.

Na katika mafungu hayo lipo moja ninalolipenda kuliko yote. Mgonjwa akimaliza haja na hawezi kujisafisha, anayemsafisha anamtawaza. Neno hilo hilo, kwa matamshi yale yale, ndilo la kumweka mfalme kwenye kiti chake: sultani hutawazwa. Najua ni maneno mawili yaliyokutana njiani, moja likija na taji na jingine likija na udhu. Hata hivyo yamekutana, na mdomo wa Mswahili hauyatenganishi. Nilipomwambia mpwa wangu alikaa kimya muda mrefu. Kazi ile ndiyo anayoiogopa mwanafunzi kuliko damu. Ningependa kitabu chake kiiandike kwa jina hilo: kumtawaza mgonjwa, na sahihi mwisho wa mstari.

Neno la pili lililomkwamisha ni dogo zaidi. Mama wa Kipini alileta mtoto akasema, "Mtoto hawezi tangu juzi." Mpwa wangu, kalamu tayari, akauliza, "Hawezi nini?" Mama akamtazama. "Hawezi," akarudia, sauti imepanda. Kwa watu wa pwani, hawezi ni mgonjwa. Siwezi kichwa, hawezi kifua, hatuwezi sote nyumbani. Kitenzi kimeachwa wazi makusudi, maana ugonjwa ukimkamata mtu unamwondolea yote kwa pamoja, kulima, kula, kucheka, na hakuna haja ya kuorodhesha. Vitabu vya uuguzi vina sura nzima kuhusu kumpima mgonjwa kwa yale anayoweza na asiyoweza kujifanyia: kula, kuvaa, kujisogeza, kwenda haja. Mama wa Kipini alikuwa ameisema sura ile kwa neno moja.

Yapo maneno ambayo Kiswahili cha wodini, nacho, kinapaswa kuyatazama upya, na sitaki nionekane nasifu tu cha kwetu. Chukua kutwa mara tatu. Imeandikwa kwenye bahasha za dawa tangu nikiwa mtoto. Lakini kutwa ni mchana, tangu jua kuchomoza hadi linapokuchwa; usiku una neno lake, ndiyo maana tunasema kutwa kucha. Mgonjwa mtiifu anayeambiwa kutwa mara tatu anameza cha asubuhi, cha adhuhuri na cha jioni, kisha anauacha usiku mzima bila dawa. Kwa dawa nyingi hakuna neno. Kwa dawa ya kuua vijidudu inayotakiwa ikae mwilini kwa kiwango kisichoshuka sana, ule usiku ni mlango ulioachwa wazi.

Basi mwanafunzi mwangalifu anajaribu kusema kwa usahihi: kila saa nane. Akawa ameharibu zaidi! Kwetu saa nane ni saa nane, ya mchana na ya usiku. Anayesikia "kila saa nane" ana haki ya kumeza mara mbili, jua likianza kuinama na majogoo wakiwa bado wamelala. Hapa watu wa kawaida walishapata dawa yao muda mrefu: husema masaa manane, wakitenga muda unaopita na saa iliyo ukutani. Walimu wetu wa sarufi wametuchapa kwa neno hilo, kwamba saa haina masaa. Nami nimewahi kuwa mwalimu, nimelipigia mstari mwekundu kwenye madaftari ya watoto. Leo naliondoa mstari ule. Wodini, baada ya kila masaa manane ni Kiswahili kilicho salama kuliko sanifu yangu. Na bora zaidi ni alivyosema yule muuguzi mkubwa kwa mama wa Kiorma ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu: kimoja ukishasali alfajiri, kimoja saa nane ya mchana, kimoja saa nne ya usiku ukienda kulala. Alitumia vidole, jua na msikiti, na mama akayarudia yote bila kukosea.

Wengi hapa wakimwona mtu kama yule muuguzi humwita daktari. Zahanati za vijijini, zile za ngazi ya pili katika mpangilio wa afya wa Kenya, huendeshwa na muuguzi, na kwa mtu wa Ozi au Chara huyo ndiye hospitali yote. Sikumbuki nikimsikia muuguzi akikataa jina hilo. Wala sioni kwa nini akatae, ingawa ningefurahi zaidi kama muuguzi lingekuwa jina linalojitosheleza kwa heshima.

Mkunga nalo ni jina lenye mizizi mirefu. Kunga ni siri, na pia ni ustadi usiosemwa hadharani, ule wa kuambiwa kwa sauti ya chini. Anayezijua kunga za uzazi ni mkunga. Anayemfunda mwari ni kungwi. Tanzania wameliweka neno hili kwenye sheria, Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010, na baraza lao linaitwa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kenya ukunga umo ndani ya shahada ya uuguzi, nasi kwa mazoea tunauacha bila kuutaja.

Ndani ya chumba cha kujifungulia ndiko lugha hii inapofanya kazi kwa mikono. Mwanafunzi anafundishwa hatua nne za Leopold, yule daktari Mjerumani, za kujua kwa viganja mtoto amelalaje: kichwa kiko wapi, mgongo uko upande gani, ameshuka kiasi gani. Tunazo istilahi ndefu za tendo hili. Lakini mkunga wa Ngao hupapasa. Papasa ni neno la gizani. Ndivyo unavyotafuta kiberiti usiku bila kumwamsha mtu. Mkono unaona, polepole, unaogopa kuangusha kitu. Nilipoulizwa na mpwa wangu tafsiri nzuri ya mafunzo ya vitendo, sikuwa na jibu lililonitosha. Vitendo ni neno la haki, linakaa vizuri mkabala na nadharia, ambayo asili yake ni kutazama. Ila likinitoka mdomoni nasikia ofisi. Papasa nasikia chumba, taa ya chemli, na mtu anayejali.

Mama mwenyewe ameshikwa na uchungu, au utungu kwa watu wa Lamu na Mombasa. Njia inafunguka. Sentimita zinahesabiwa kwa vidole viwili: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unahesabu uchungu wa nguvu kuanzia sentimita tano, ilhali zamani walianzia nne, na wanafunzi wa leo wanasoma mpya huku baadhi ya walimu wao wodini wakikumbuka ya kale. Kisha anajifungua. Sijui lugha nyingi, lakini sijakutana na neno la uzazi linalompa mama heshima kama hili. Hakuna anayemfungua. Aliye pembeni anazalisha, anasaidia, anapokea. Fundo analifungua mwenyewe. Mtoto akitoka, dakika ya kwanza na ya tano anapewa alama kwa mpango wa Virginia Apgar, daktari wa Marekani aliyeubuni mwaka 1952: rangi, mapigo, namna anavyoitika akiguswa, misuli, pumzi. Jumla ni 10. Bibi zetu waliuliza kitu kimoja, amelia? Nao mara nyingi walikuwa karibu na ukweli.

Kwa muuguzi anayesimama na mwanafunzi, yule wa kutia sahihi, vyuo vinatumia msimamizi, mkufunzi, mnasihi. Mwanafunzi aliyemaliza miaka minne na kuingia mwaka wa kazi kabla ya leseni tunamwita mwanagenzi. Tanzania wana mafunzo tarajali, neno ninalolionea wivu kwa sababu ndani yake kuna kutaraji. Lakini kwa yule wa sahihi nina pendekezo langu. Mombasa na Lamu, mwanamke anayemshika msichana mkono akamfunza mambo ya utu uzima na kusimama naye siku ya harusi huitwa somo. Ni neno lile lile la kipindi cha darasani. Mtu ndiye somo! Huyu wa wodini hafundishi somo, yeye mwenyewe ndilo. Anavyomsogelea mgonjwa, anavyonawa kabla na baada ya kumgusa, anavyosema "kukuogesha", vyote ni ukurasa. Natamani siku mwanafunzi aulizwe, "Somo wako wodini nani?" na jibu liandikwe kwenye kitabu kile kikubwa.

Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha 1993 kuhusu Kiswahili na lugha za Kisabaki, wameziweka Kipokomo, Kiswahili, Kimijikenda, Kingazija na jamaa zake katika ukoo mmoja, wenye jina la Mto Sabaki, ule tunaouvuka tukielekea Malindi. Nurse, kwa Kiingereza, ni muuguzi. Nami hufurahi kila ninapoliona jina lake kwenye jalada. Kwa Kiingereza neno hilo linamshika pia anayenyonyesha na anayelea. Kwetu kazi hizo zina majina mbalimbali, mama, yaya, mlezi, muuguzi, lakini ukichungulia chini, vitenzi vyao vinalala kitanda kimoja. Mgonjwa akipokelewa hospitalini tunasema amelazwa. Neno hili ni la mama na mtoto: anambembeleza, anamlaza. Halina geti wala fomu.

Na kubembeleza hapa Tana si jambo dogo. Tume iliyotunga wimbo wa taifa la Kenya mwaka 1963, Graham Hyslop na wenzake, akiwamo Thomas Kalume wa pwani, iliuchukua mwimbo wake kutoka kwa bembea ya Wapokomo, wimbo wa kumlaza mtoto. Kila bendera inapopanda, nchi nzima husimama wima kwa sauti iliyotungwa ili mtu mmoja mdogo afumbe macho. Nilimweleza mpwa wangu hayo tukiwa tumeshafika nyumbani, akaniambia kwamba usiku wa zamu yake ya kwanza alimkuta yule muuguzi mkubwa akiimba kwa kunong'ona kando ya kitanda cha bibi wa nyonga. Hakujua kama hiyo ni kazi inayotiwa sahihi.

Jioni ile tulirudi Minjila kumpokea mgeni wa Lamu. Gari la Ngao likaingia na vumbi lake, na mama wa themosi akashuka, leso sasa kiunoni. Muuza maembe alikuwa bado yuko, na embe mbili tatu zilizosalia.

"Mgonjwa je, mamangu?"

"Juzi na jana hakulala," akasema. "Leo kalala."

Akaitikisa themosi tusikie ilivyo tupu. Mpwa wangu akamsogelea, akamwamkia, akaipokea ile themosi kwa mikono miwili na kuishika kama anayeipima uzito.

"Mama," akauliza, "alikunywa vikombe vingapi?"

Mama akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza, kisha akainua vidole viwili, akafikiri, akaongeza nusu ya cha tatu.